Afya katika nyumba: Damu inaonyesha kaswende, kumbe si kaswende

Mwezi huu tunasema juu ya jambo linalovunja nyumba nyingi katika kambi na katika site. Mama anaenda kupimisha mimba, wanamtosha damu, karatasi inarudi na neno RPR ao VDRL, na pembeni: pozitifu. Maana yake kaswende. Mama anaapa hakutembea na mwingine, baba anaapa vile vile, mashemeji wanaingia katika maneno, kesho yake mizigo iko mulangoni.

Pole pole kwanza. Kipimo hiki hakitafuti mdudu wa kaswende mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, ni kusema askari wa damu, wale wanaokamata mafuta fulani yanayoitwa kardiolipini. (Mafuta yale walizoea kuyatosha katika moyo wa ngombe!) Mwenye kaswende yuko na askari hao, ndiyo. Lakini malaria inaweza kuwaleta, kifua kikuu pia, ukoma, hata mimba peke yake. Na tena lupusi, ugonjwa ambamo askari wanageuka kupiga mwili wa mwenyewe: viungo, ngozi, figo. Tangu miaka ya 1950 waganga wanajua kwamba kipimo cha kaswende kinaweza kudanganya hivi miaka mingi mbele lupusi haijajionyesha.

Basi muombe kipimo cha pili, TPHA, kinachotafuta askari wa mdudu yule wa kweli. Ila mama mwenye mimba asikatae sindano ya penisilini akingojea majibu, kwa sababu kaswende inaua mtoto katika tumbo. Na hata kama ni kaswende kweli, inaweza kujificha miaka na miaka: karatasi haisemi nani aliileta wala lini. Wababa, musikie hapo.

Kama TPHA ni negatifu, na mama analalamika viungo asubuhi, homa isiyoisha, nywele kukatika, vidonda katika kinywa, ngozi kuungua na jua, miguu kuvimba, amwambie munganga yote. Kwa wagonjwa 10 wa lupusi, karibu 9 ni wanawake. Kuna kipimo cha damu kinaitwa AAN, wengine wanaandika ANA. Karibu wagonjwa wote wa lupusi wanacho pozitifu. Kikiwa negatifu, lupusi inawekwa karibu pembeni. Lakini pozitifu peke yake haitoshi. Uchunguzi mmoja wa mwaka 1997 ulikuta kwa watu wazima wasio na ugonjwa, karibu 13 katika 100 walikuwa pozitifu kwa kiasi cha 1/80. Kwa hiyo usilipe feza nyingi kwa AAN kama hauna dalili yoyote, utapata woga tu. Vipimo vya anti-DNA na anti-Sm vina nguvu zaidi, lakini si kila labo inavifanya. Kupima mkojo kama una protini ni bei ndogo, na kunaonyesha mapema kama figo zinaguswa.

Neno moja kwa wamama waliopoteza mimba mara nyingi: askari wa kardiolipini wanaweza kugandisha damu katika kondo la mtoto. Umwambie munganga hesabu ya mimba zilizotoka na miezi yake. Kuna dawa, aspirini kidogo pamoja na sindano za heparini, lakini ni yeye anayezipima, si muuzaji wa sokoni.