Nani Yuko Kazini Saa 11 Jioni?

Kila deikea ya jioni ambayo nimewahi kuingia hapa Nairobi ina mfanyakazi mmoja asiyelipwa. Ana miaka 11, pengine 12. Amepewa kalamu na karatasi, na kazi yake ni kuandika majina ya wanaopiga kelele. Yeye ndiye huamua nani aende msalani na nani angoje. Ticha akitoka kupokea simu, au akienda jikoni kugeuza chapo za wateja wake wa jioni, huyo mtoto ndiye serikali. Sisi tunamwita monita. Watoto wadogo wana jina lingine, lakini hawalitaji mbele yetu.

Nitasema wazi, na mwenye kukasirika akasirike: uonevu katika hizi deikea haukuletwa na watoto wenye tabia mbaya. Tumeuajiri sisi wenyewe. Halafu siku mtoto wa mtu akivunjwa jino, tunaulizana kwa mshangao, ati huyu amelelewa na nani?

Nikisema deikea ya jioni, unajua ninachomaanisha. Ni sebule ya ghorofa ya kwanza yenye viti vya plastiki. Ni chumba nyuma ya kanisa. Ni darasa la shule ya kibinafsi linaloachwa wazi kwa ada ya ziada. Wengine huita tuisheni ili mzazi ajisikie analipia masomo, lakini tukiwa wakweli, kinacholipiwa pale ni muda. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa yaishe saa 9:30 alasiri, kisha michezo na vilabu hadi saa 10:45. Mzazi anayefanya kazi Industrial Area au Westlands anatoka saa 11:00. Akishapambana na jam ya Jogoo Road au Thika Road, na mvua ikidondoka kidogo tu, anagonga mlango saa 1:30 usiku. Hizo ni karibu saa 3 kila siku, karibu saa 14 kwa wiki.

Saa hizo 14 hazina mwenyewe. Shule inasema mtoto ameshatoka geti. Mzazi anasema, mimi nimelipa. Ticha anasema, mimi niliambiwa nisaidie kazi ya nyumbani, sikuambiwa nilee. Na pale ambapo hakuna mtu mzima anayeshika usukani, mtoto mwenye mikono mirefu zaidi ataushika.

Siku mbili kwa wiki mimi ndiye humchukua mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, huko Eastlands. Ana miaka 7. Mwaka huu niligundua kwamba amekuwa akilipa ili jina lake lisiandikwe. Nusu chapati, au sarafu ya 10 bob siku ambazo hakubeba kitu. Hakuwa analia aliponiambia. Alisema tu, "Anti, kila mtu hulipa kodi," kama vile mimi ninavyozungumzia tozo kwenye payslipu. Hapo ndipo moyo ulinishuka. Mtoto aliyezoea namna hiyo hakuletei malalamiko, kwa sababu haoni kama kuna la kulalamikia.

Nilipomuuliza ticha, sikukutana na mtu mbaya. Nilikutana na mama aliyechoka, peke yake na watoto 27 wa kuanzia miaka 5 hadi 12, chumba kimoja, choo kimoja. Alimwita monita, akawasimamisha wote wawili katikati ya chumba, akasema, "Shikaneni mikono, semeni pole, yaishe." Wakashikana, pole ikasemwa. Kesho yake kodi ikapanda, kutoka nusu chapati hadi nzima, na adhabu ya kusema ikaongezwa juu.

Basi hiyo ya kushikana mikono tuiache. Inafaa pale ambapo watoto wawili wa nguvu sawa wamegombania mpira. Uonevu ni kitu kingine: unarudiwa, unakusudiwa, na mmoja ana uwezo ambao mwenzake hana. Ukiwasimamisha pamoja mbele ya watu na kumlazimisha aliyeonewa kutoa mkono, umempa mwonevu kitu kimoja tu, yaani jina la aliyemsema.

Na kuna sentensi tatu ambazo wasee wangu wa rika langu wamezirithi bila kuzikagua.

Ya kwanza: watoto ni watoto. Ndiyo, na ndiyo maana hatuwapi funguo za gari. Kwani kwa nini tunawapa mamlaka juu ya mkojo na chakula cha wenzao?

Ya pili: akikupiga, mrudishie. Mtoto wa miaka 7 amrudishie nani, kwa mikono gani? Ushauri huo humfaa mtoto mwenye nguvu peke yake. Aliye mnyonge anapata vipigo viwili, kimoja cha mwonevu na kingine cha aibu ya kushindwa kutimiza alichoambiwa na baba.

Ya tatu ndiyo inayopendwa zaidi: hata sisi tulipitia, na tukakaza. Si kweli kwamba tulikaza wote. Tunawasikia waliotoka wakicheka kwenye mikutano ya wanafunzi wa zamani, wakisimulia walivyokuwa mono. Wale ambao hawachekelei hawaji kwenye hiyo mikutano. Mwaka 2017 nchi nzima ilisoma habari za Alliance High School, vijana wa kidato cha kwanza wakiteswa na wakubwa wao, na waliotajwa kuhusika ni pamoja na viranja. Viranja, yaani watoto waliopewa cheo na watu wazima. Wengi tulishangaa kana kwamba jambo hilo huanzia bweni. Linaanzia kwenye karatasi ya monita, sebuleni, mtoto akiwa bado hajang'oa meno ya mbele.

Simwombei monita apigwe. Kwanza sheria inakataza: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imepiga marufuku adhabu ya viboko na unyanyasaji wa akili shuleni, na Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya aina zote za ukatili. Kila mtoto, pamoja na huyo mkubwa. Pili, mimi nimemwona. Huwa wa mwisho kuondoka kila siku. Mama yake hufika karibu saa 2 usiku, na kwa saa zote hizo kijana amekuwa akifanya kazi ya mtu mzima huku kitabu chake cha hesabu kikiwa hakijafunguliwa. Tumemnyima jioni yake, halafu tunamlaumu kwa kujilipa chapati.

Wanaojua mambo haya walishayasema zamani. Dan Olweus, aliyeanza kampeni yake ya kupambana na uonevu huko Bergen, Norway, mwaka 1983, aliona kwamba shule zenye walimu wengi zaidi uwanjani wakati wa mapumziko zilikuwa na uonevu mdogo zaidi. Kilichopunguza uonevu hapo ni macho ya mtu mzima. Nchini Kanada, Debra Pepler, Wendy Craig na wenzao waliwarekodi watoto kwenye viwanja vya shule, na utafiti waliouchapisha mwaka 2001 ulionyesha kwamba watoto wengine walikuwepo katika matukio mengi mno ya uonevu, lakini waliingilia kati mara chache. Walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Sekunde 10! Kwa hiyo wale 25 wanaotazama wana nguvu. Lakini mtoto hataitumia nguvu hiyo iwapo anayemwonea mwenzake ndiye amebeba kalamu ya ticha.

Kwa hiyo ninachodai ni hiki. Karatasi ya majina itupwe leo. Hakuna mtoto atakayesimamia msala, chakula, kiti wala jina la mwenzake. Wakubwa wakitaka kusaidia, wasaidie kusoma hadithi, ticha akiwa chumbani. Na ticha asiwe peke yake. Najua utasema pesa. Tufanye hesabu: wazazi 27 wakiongeza 500 bob kila mmoja ni 13,500 kwa mwezi, mshahara mdogo wa mtu mzima wa pili kwa hizo saa 3 za jioni. Asiyeweza 500, na wako wengi, atoe jioni moja kwa mwezi, au amtume mjomba, shangazi, nyanya. Na makanisa yenye kumbi zinazokaa tupu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, pamoja na kaunti inayokusanya ada za leseni mtaani, hayo ni maswali ambayo hatujayauliza kwa sauti ya kutosha.

Na likitokea, kwa sababu litatokea, watoto watenganishwe na kusikilizwa mmoja mmoja, aliyeumizwa akianza. Iandikwe kwenye daftari: tarehe, mahali, kilichofanyika, nani aliona. Wazazi wa pande zote mbili waambiwe siku hiyo hiyo, na waambiwe maneno yale yale. Baada ya wiki moja mtoto aulizwe tena, faraghani, kwa sababu jibu la siku ya kwanza mara nyingi ni la woga. Aliyeonea naye aulizwe nani humwonea yeye, na ikigundulika nyumbani kwao kuna kipigo, hapo hatuzungumzii tena nidhamu ya deikea. Mahali pakikataa kusikia, kuna simu ya watoto, 116, haitozwi chochote na inapokewa mchana na usiku. Kuna pia afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Kumpigia si umbea.

Usiniambie hii haikuhusu kwa sababu huna mtoto. Wengi wenu ndio mnaotumwa kuchukua mdogo wenu, mpwa wenu, mtoto wa jirani kwenye ploti. Mnafika mapema kuliko mzazi na mnaona asichokiona. Ukifika, usimuulize mtoto kama siku ilikuwa poa, atakujibu poa. Muulize ticha akitoka nje huwa kunafanyika nini. Muulize nani huandika majina. Kisha mgeukie ticha, kwa heshima, umuulize ni mtu gani mzima yuko kazini saa 11 jioni na ni nani humpokea akichoka. Akikutajia jina la mtoto, usiondoke bila kuwapigia wazazi wengine.