Mshubiri wa Uani



Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya mmea ambao nyua nyingi za pwani zinao, na nyingi katika hizo zautesa. Ni mshubiri. Mara nyingi twaukuta umekaa katika kopo karibu na bomba, majani yake yamelegea kama ndizi iliyopita kiasi, na mwenyewe husema: “Twautilia maji kila siku, wala haukui.” Maji hayo ndiyo yauuayo.

Mshubiri huu wenye maua ya manjano, ambao wataalamu huuita Aloe vera, kwao ni Bara Arabu. Uchunguzi wa nasaba yake uliochapishwa mwaka 2015 waelekeza huko, na wataalamu wa mimea huitaja milima ya Hajar, kaskazini ya Omani. Ni nchi ya mawe, jua kali na mvua haba, na kila jani lake ni kama mtungi wa akiba. Waarabu huuita sabir, kwa herufi zile zile za subira. Nasi watoto wetu wajua maana ya kitu kuwa kichungu kama shubiri.

Basi chukueni chungu chenye tundu chini, mtie changarawe kidogo, kisha udongo uliochanganywa na mchanga mwingi. Samadi isizidi. Uwekeni mahali pa jua. Lakini uliozoea kivuli usitolewe juani kwa ghafla, kwani majani yatageuka mekundu kama yaliyoungua. Kabla ya kutia maji, ingizeni kidole udongoni. Mkiona unyevu, acheni. Wakati wa masika, ulio chunguni hauhitaji maji yenu hata kidogo.

Msihangaike kutafuta mbegu, maana ni nadra kuzaa zenye kufaa. Mshubiri huzaa machipukizi ubavuni. Yakifika urefu wa kiganja, mpeni kijana wa nyumba kisu safi ayatenge pamoja na mizizi yake, ayalaze kivulini siku mbili tatu hata kidonda kikauke, ndipo ayapande. Asitie maji juma la kwanza. Kazi hii yamfaa sana mtoto asiyependa kungoja, kwa kuwa maua huja baada ya miaka kadhaa. Hapo hutoka bua, pengine la kufikia sentimita 90, lenye maua ya manjano yaliyoinama kama vifereji vidogo, na chozi huja kunyonya.

Sasa twaja kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Katika jani mna vitu viwili, wala havifanani. Ndani mna ute mweupe usio na rangi ya kutisha wala uchungu mwingi. Huo hupakwa juu ya ngozi iliyoungua kidogo, baada ya kuipoza kwa maji safi kwa dakika 20. Chini ya ganda mna utomvu wa manjano, mchungu mno, nao huendesha tumbo kwa nguvu. Mwaka 2002 serikali ya Marekani iliziondoa dawa za kuendesha tumbo zenye shubiri katika zile zinazouzwa bila cheti cha daktari. Kwa hiyo jani likikatwa, lisimamisheni hata utomvu utiririke wote, kisha mlioshe.

Wako akina mama wapakao shubiri kifuani ili kumwachisha mtoto ziwa. Twaheshimu desturi za bibi zetu, lakini hii hatuipendi. Kitu kinachomwendesha mtu mzima kitamfanyaje mtoto wa mwaka mmoja? Sura ya Baqara, aya ya 233, yataja miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha, na kuachisha kabla yake kuwe kwa ridhaa na shauri la wazazi wawili. Basi na baba aulizwe, asijifanye mgeni. Punguzeni ziwa kidogo kidogo, mkizidisha uji na chakula laini. Mja mzito naye asinywe shubiri kabisa, hata akiambiwa ni dawa ya homa.

Na mtoto aliyekwisha kuilamba akaanza kuharisha, mpeni maji ya chumvi na sukari ya pakiti ya zahanati, mwendelee kumnyonyesha, na mumpeleke kwa mganga siku hiyo hiyo.