NYUMBANI NA KAZINI: Kipanya Kigomapo Baada ya Kompyuta Kupewa Mfumo Mpya

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya bure kwa mfumo wa Windows 10. Kwa hiyo wenye kompyuta katika Gitega, Muyinga na kwingineko wamekabiliwa na kazi ya kuhamia Windows 11. Mara nyingine kazi hiyo huisha salama, lakini kipanya kisicho na waya hukataa kutembea.

Jambo hili si dogo. Askari yu lindoni mbali na nyumbani. Mkewe amebaki na kompyuta yenye picha za watoto na nakala za vyeti. Fundi wa kwanza humshauri afute kila kitu na kuanza upya. Ndugu msomaji, usikubali upesi. Kipanya kikigoma, nyaraka zako hazijapotea. Zitapotea ukiruhusu zifutwe.

Kwanza, azima kwa jirani kipanya chenye waya. Kikifanya kazi, kompyuta ni nzima. Kisha badilisha betri ya kipanya chako, na uhakikishe kuwa swichi iliyo chini yake imewashwa.

Pili, anzisha kompyuta upya kwa amri ya kuanzisha upya, wala si kwa kuizima tu. Windows ikizimwa huweza kuhifadhi sehemu ya kumbukumbu yake ili iwake upesi, na kasoro ikabaki humo.

Tatu, chomoa kipokezi kidogo cha kipanya, ukichomeke katika tundu jingine. Matundu ya USB 3.0, ambayo mengi yana rangi ya buluu ndani, huweza kuvuruga mawimbi ya 2.4 GHz yatumiwayo na vipanya hivi. Tundu la zamani zaidi, au waya mfupi wa kurefushia, husaidia. Ikiwa kipanya ni cha Bluetooth, kiondoe katika orodha ya vifaa, kisha ukiunganishe tena.

Nne, huenda mfumo mpya unazima kipokezi ili kuokoa umeme. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, utumie vitufe vya mishale kufikia orodha ya vifaa. Katika kompyuta za Kifaransa huitwa Gestionnaire de périphériques. Fungua sifa za kipokezi, na katika ukurasa wa umeme uondoe alama inayoruhusu kompyuta kukizima. Usipouona ukurasa huo kwenye kipanya, utafute kwenye vifaa vya USB. Huna kipanya cha kuazima? Kitufe cha Tab hukuhamisha, Enter hufungua, na kitufe cha nafasi huweka au huondoa alama.

Yote yakishindikana, Windows 11 kwa kawaida hukuruhusu kurudi kwenye mfumo wa awali ndani ya siku 10 tangu ulipohama, bila kufuta picha wala barua zako. Hata hivyo, zinakili kwanza katika diski ya nje. Programu ulizoweka baada ya kuhama zitaondoka.

Mwisho, ukilazimika kwenda kwa fundi, mwambie waziwazi kabla hajagusa kitu: nyaraka zisifutwe. Kipanya kingine hununuliwa sokoni. Picha ya mzazi aliyefariki hainunuliwi popote.