Ndia Kuu si Kosa la Tahajia

Mabasi ya shule yanayoteremsha wanafunzi mbele ya Fort Jesus, au Ngomeni kama wenyeji wa Mombasa wapaitavyo, huwa yametoka mbali. Yapo ya Kisii, ya Nyeri, hata ya Kitale. Wanafunzi huzungushwa ndani ya ngome, kisha hukabidhiwa kiongozi wa kuwatembeza katika vichochoro vya Mji wa Kale. Niliandamana na misafara hiyo kwa miaka mingi nilipokuwa nikifundisha Kiswahili katika shule za upili, na tangu nistaafu nimeifuata mara kadhaa kwa hiari yangu. Maoni yangu ni kwamba matembezi haya, kwa jinsi yanavyoendeshwa, yanamnyima mwanafunzi wa Kiswahili kile hasa alichofungia safari.

Masimulizi mara nyingi huwa kwa Kiingereza, hata pale ambapo wasikilizaji wote ni Wakenya. Wareno walianza kuijenga ngome mwaka 1593. Waingereza wakaigeuza gereza tangu 1895 hadi 1958. UNESCO ikaiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2011. Baada ya hapo ni mnara mweupe wa Msikiti wa Mandhry, roshani za mbao, bandari ya majahazi, na duka la vinyago. Yote hayo ni kweli, wala sisemi yaachwe. Lakini mlango wa nakshi husifiwa kwa uzuri wake tu, na mwanafunzi huondoka bila kujua kwamba ule mti wa katikati unaogawa mbao mbili una jina lake, nalo ni mfaa.

Barabara kubwa ya mtaa huo inaitwa Ndia Kuu. Siku moja msichana wa kidato cha tatu alilisoma jina hilo, akanigeukia akasema kwa upole, "Mwalimu, hapa wamekosea. Ilifaa iwe Njia Kuu." Wenzake wakacheka. Kiongozi akatabasamu, akaendelea na habari za Kapteni Owen na merikebu yake Leven.

Hakuna aliyekosea. Ndia ni njia kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa. Penye nj ya Kiswahili sanifu, Kimvita aghalabu huwa na nd: njaa ni ndaa, nje ni nde, kuvunja ni kuvunda. Penye ch, mara nyingi huwa na t: macho ni mato, kichwa ni kitwa, mchele ni mtele. Somo hilo halihitaji zaidi ya dakika tano, na kibao cha kulifundishia kipo pale pale.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu ya yanayotendeka darasani. Mwanafunzi akikutana na mato katika shairi, huandika kwamba mshairi ametumia uhuru wake ili apate urari wa vina au utoshelevu wa mizani, na mtahini humpa alama. Kwa mshairi wa bara anayeazima neno la pwani, jibu hilo huenda likasimama. Kwa Ahmad Nassir Juma Bhalo, aliyetupa Malenga wa Mvita mwaka 1971, au kwa Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, ambaye Sauti ya Dhiki yake ya 1973 ilitungwa kifungoni, ni jibu la kuwavunjia heshima. Hawakuwa wakiipinda lugha ili shairi litimie, bali walisema kama walivyosema mama zao. Muyaka bin Haji alifariki yapata mwaka 1840, muda mrefu kabla ya kuwapo Kiswahili kinachoitwa sanifu. Alikiuka kanuni ipi?

Liko jambo jingine ambalo sijalisikia katika matembezi hata mara moja. Mkutano uliokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika mwaka 1928, na ulifanyika Mombasa. Kimvita nacho kilikuwa na watetezi, hasa miongoni mwa wamisionari, ambao Krapf alikuwa amewatangulia kwa kamusi yake iliyochapishwa 1882. Kikashindwa nyumbani kwake. Silii juu ya uamuzi huo. Usanifishaji ulituwezesha kusomeshana kutoka Lamu hadi Kigoma, na mimi mwenyewe umenilisha. Ila mwanafunzi anayesimama katika mji huo na asiambiwe habari hiyo, ameambiwa nini?

Viongozi wenyewe ni hazina. Wengi ni vijana wa mtaa. Nilimsikia mmoja akimwita mdogo wake upande wa pili wa kichochoro, "Ndoo hapa!" Kufumba na kufumbua akatugeukia sisi wageni: "Njooni huku, tafadhali." Ile ndoo ya kwanza ilikuwa na thamani kwa darasa langu kuliko tarehe zote za Wareno, naye aliificha kama mtu anayeficha kiraka cha kanzu.

Nitaambiwa kwamba kijana huyo anatafuta riziki, na kwamba watalii wa Ulaya hawana haja na mato wala macho. Ni kweli, na watalii waendelee kusimuliwa wapendavyo. Nazungumzia mabasi ya shule. Kwa wanafunzi, Ngomeni pangekuwa mahali pa kueleza jinsi Muyaka alivyowatetea Wamazrui kwa mashairi dhidi ya Seyyid Said wa Oman, mpaka Mombasa ilipotwaliwa mwaka 1837. Penye baraza za mawe wangeketi, kahawa chungu ikamiminwa kutoka kwenye dele, wakaelezwa namna shairi lilivyojibiwa kwa shairi. Zaidi ya hayo sidai kitu, maana jua la Mombasa saa sita halimruhusu mtu kusikiliza mengi.

Walimu wenzangu mnaopanga safari za muhula ujao, patana na kiongozi kabla ya kulipa. Mwambieni mnataka Kiswahili, na hasa kile anachosema kwao. Huenda kwanza akadhani mnamfanyia mzaha. Mwanafunzi mmoja amsomee ubeti wa Muyaka mliokwisha kuusoma darasani, halafu kiongozi ausome yeye, polepole, kwa matamshi ya nyumbani, na madaftari yawe wazi.