Jenerali Aliyeitaka Kitale na Bungoma



Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Bungoma, ametuletea swali ambalo tumekawia kulijibu. Mwanawe hutaniwa skuli kwa jina la Amin, kwa kuwa ndiye Mwislamu pekee darasani. Kijana amemwuliza mamake: ni kweli mtu yule aliwapigania Waislamu? Kitale nako tumelisikia swali hilo, tena kwa watu wazima.

Idi Amin aliingia jeshi la Waingereza, ambalo wazee wetu waliliita Keya, mwaka 1946, akianzia jikoni kwa kumsaidia mpishi. Alipigana Kenya wakati wa Mau Mau, na mwaka 1961 akawa mmoja wa Waganda wawili wa mwanzo kupewa uofisa.

Mwaka uliofuata ndio wa kutazamwa. Atokaye Kitale akashika njia ya Lodwar huingia nchi ya Waturkana, na huko ndiko kikosi cha Amin kilikopelekwa kukomesha wizi wa mifugo. Walipoondoka, malalamiko yaliifikia serikali. Uchunguzi ulionyesha kwamba watu walipigwa, wakateswa, na wengine wakazikwa wangali hai. Lakini uhuru wa Uganda ulikuwa umebakiza miezi michache tu, na Gavana Walter Coutts alisita kumshitaki ofisa Mwafrika wakati kama huo. Akamtaka shauri Milton Obote, naye akaona karipio latosha. Amin akakaripiwa, kisha akaendelea kupandishwa vyeo. Wafugaji waliozikwa hawakuwa na wa kuwasemea, si Kampala wala Nairobi.

Tarehe 25 Januari 1971 alimpindua Obote huyohuyo.

Februari 1976 akatangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda kwa haki ya zamani. Neno hilo lilikuwa na mzizi: hadi mwaka 1902 eneo hilo, Kitale na Bungoma zikiwamo, lilihesabiwa katika Uganda, kisha Waingereza wakauhamisha mpaka. Hata hivyo wakazi hawakuulizwa, si na Mwingereza wala na Amin. Mzee Kenyatta alikataa kutoa hata shubiri moja ya ardhi, na wachukuzi wa bandari yetu ya Mombasa wakagoma kushughulikia mizigo ya Uganda. Nchi isiyo na pwani haina ujanja mbele ya kuli aliyekunja mikono. Amin akarudi nyuma.

Sasa swali la kijana. Ni kweli kwamba Amin aliiingiza Uganda katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu mwaka 1974, na kwamba msikiti mkubwa wa Old Kampala ulianza kujengwa katika zama zake. Hatuyafichi hayo. Lakini miongoni mwa Waasia aliowafukuza mwaka 1972 kwa muhula wa siku 90 walikuwamo Waislamu wengi, waliokuwa wakisali katika misikiti ya nchi hiyohiyo. Makisio ya watu waliouawa chini ya utawala wake huanzia 80,000 na kufika 300,000. Hata Kiswahili chetu kilichafuka, kwani Waganda wengi walikisikia kwanza kinywani mwa askari aliyebisha hodi usiku.

Oktoba 1978 majeshi yake yaliivamia Kagera. Watanzania wakajibu, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Yeye alikimbia. Walioachwa nyuma ni Waislamu wa kawaida, na huko Ankole baadhi yao waliuawa na jirani zao kwa kisasi cha makosa ya mtu aliyekwisha kupanda ndege. Dada, haya mwambie mwanao kabla ya jambo jingine lolote.

Amin alikaa Libya, kisha Saudia. Alifariki Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, akazikwa huko. Tangu lile karipio la 1962, hakusimamishwa mbele ya kadhi wala hakimu yeyote.