Mwanao ni mdogo wa umbo? Mpime kwanza, kisha mwache acheze

Kila michezo ya UMITASHUMTA inapokaribia, kuna watoto wanaoachwa kabla hawajagusa mpira. Mwalimu anaangalia mstari, anachagua warefu. Nyumbani nako mzazi anamalizia: "Na umbo hilo, watakuvunja."

Wapenzi wa soka Kanda ya Ziwa wanamjua Mrisho Ngasa. Kijana wa Mwanza, mwembamba, umbo dogo. Alitoka Kagera Sugar akaenda Yanga. Mwaka 2009 alifanya majaribio West Ham ya Uingereza, hakusajiliwa. Hakukata tamaa. Mwaka 2010 Azam ilimnunua kwa shilingi milioni 58, fedha iliyozua gumzo wakati ule. Mwaka 2011 aliichezea Seattle Sounders ya Marekani mechi ya kirafiki dhidi ya Manchester United. Baadaye akacheza Simba, Afrika Kusini na Oman. Kwa kasi yake, mabeki wenye miili mikubwa walibaki wakifukuza vumbi.

Kwa hiyo udogo peke yake si sababu ya kumnyima mtoto mpira. Lakini mzazi, udogo haufanani wote.

Yupo mtoto aliye mdogo kwa sababu wazazi wake ni wafupi, au kwa sababu atachelewa kubalehe. Huyu anakula, anacheza, na kila mwaka anaongezeka. Yupo mwingine aliye mdogo kwa sababu hakui vizuri: udumavu, minyoo, kichocho au selimundu. Huyu ukimfariji kwa kumwambia "hata Ngasa alikuwa mdogo", unauficha ugonjwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa.

Utawatofautishaje? Kwa aliye chini ya miaka mitano, usiache kliniki. Mstari wa kwenye kadi ukilala au kushuka, muulize muuguzi hapohapo. Aliye mkubwa zaidi, msimamishe ukutani bila viatu, weka alama, andika tarehe. Pima tena baada ya mwaka. Kabla ya kubalehe, mtoto huongezeka karibu sentimita 5 kwa mwaka. Zikiwa chini ya 4, au akichoka haraka, akiumwa mifupa mara kwa mara au akikojoa damu, mpeleke zahanati. Usisubiri kipimo cha mwaka ukiona dalili hizo.

Chakula nacho kina kazi yake. Ugali wa mtama na michembe vinashibisha, ila havitoshi kujenga mwili. Ongeza choroko, dengu, karanga, dagaa, maziwa au yai. Vingi tunavilima na kufuga hapahapa Kishapu, kisha tunauza vyote gulioni. Bakiza vya watoto.

Mtoto akipimwa na kuonekana mzima, mpe mpira. Na mwalimu akisema ni mdogo, mwombe kwa upole amjaribu uwanjani kwanza.