Linux ni ya bure, lakini seva ya ushirika ina gharama zake

VYAMA vya ushirika na vyama vya kuweka na kukopa vijijini vimekuwa vikiambiwa kila mara kwamba daftari limepitwa na wakati. Kila anayekuja na ushauri anakuja na kompyuta.

Ushauri huo una ukweli ndani yake. Chukua mfano wa Wampembe, wilayani Nkasi, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, Serikali ilisitisha uvuvi katika ziwa hilo ili samaki wapate kuzaliana. Kwa miezi mitatu mvuvi hakuingia ziwani na mchuuzi wa dagaa na migebuka alikosa mzigo mpya. Wakati kama huo mtu hutegemea akiba yake na mkopo wa chama chake. Kumbukumbu za akiba zikiwa zimevurugika, njaa na ugomvi huingia kwa mlango mmoja.

Kwa hiyo chama kutumia kompyuta si jambo la kubishaniwa. La kubishaniwa ni mfumo wa namna gani, na nani atautunza baada ya mfadhili na fundi kupanda gari na kurudi mjini.

Hapana shaka kwamba programu za bure zipo, tena nzuri. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Finland. Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, ilianza mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kwa upande wa akiba na mikopo ipo Mifos, iliyoanzishwa na Grameen Foundation, ambayo mtambo wake wa ndani leo unajulikana kama Apache Fineract. Hakuna anayedai ada ya leseni.

Tatizo liko kwenye neno "bure". Viongozi wengi wakilisikia hufikiri kwamba kazi imekwisha.

Programu moja, wasaidizi wengi

Programu ya kutunza akiba haisimami peke yake. Ni kama ghala la mahindi: jengo bila mizani, kitabu cha stakabadhi, mlinzi na kufuli ni kibanda tu.

Kwanza inahitajika Linux yenyewe, na inafaa liwe toleo la Ubuntu la muda mrefu, linalotoka kila baada ya miaka miwili na kupata marekebisho ya usalama bure kwa miaka mitano. Juu yake huwekwa Java, kisha kanzidata kama MariaDB, ambamo majina na hesabu za wanachama hukaa. Kanzidata hiyo ipewe mtumiaji wake mwenye nywila yake, asiyekuwa na mamlaka juu ya mashine nzima. Ndipo huwekwa programu yenyewe, na mbele yake seva ya wavuti kama nginx, inayopokea maombi ya karani na kuyafunga kwa cheti cha usalama. Mwisho huwekwa ukuta wa kuzuia wageni, na saa ya mashine hurekebishwa, kwa sababu risiti yenye tarehe ya uongo haina thamani mbele ya mkaguzi.

Vyote hivyo lazima vipangwe viwake kwa utaratibu kila umeme unaporudi, kanzidata ikitangulia na programu ikifuata. Fundi akisahau hatua hii, mfumo utafanya kazi vizuri siku ya uzinduzi na kulala siku umeme utakapokatika kwa mara ya kwanza.

Somo la Liemba

Wakazi wa mwambao wanaijua MV Liemba. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa katika masanduku na kuunganishwa Kigoma, ikazinduliwa mwaka 1915. Wajerumani walipoizamisha wenyewe mwaka 1916, mafundi walikwisha kuipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini.

Grisi ile ndiyo nakala ya akiba katika kompyuta. Diski huharibika, radi hupiga, na wezi hawachagui. Kila usiku mashine itoe nakala ya kanzidata. Nakala moja ibaki ofisini, nyingine ikae nje ya jengo, na nyingine nje ya kijiji. Kila mwezi nakala mojawapo ijaribiwe kurudishwa kwenye mashine nyingine, kwa sababu nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu.

Nini kifanyike

Chama kimoja kidogo kisibebe mzigo huu peke yake. Ni nafuu zaidi vyama kadhaa vya Nkasi vichangie seva moja, iwekwe Namanyere au Sumbawanga, na vimlipe fundi mmoja kwa mkataba. Pale mtandao unaposumbua, kompyuta ya mapajani inaweza kuwa seva ndogo ya Wampembe, kwa kuwa inatumia umeme kidogo na ina betri yake. Ifungwe programu zote mjini, ambako kupakua ni rahisi, ndipo iteremshwe ziwani.

Wapo watakaosema kwamba Tume ya Maendeleo ya Ushirika tayari ina mfumo wake, MUVU, unaopatikana kwa intaneti. Ni kweli, na chama ambacho kinatosheka nao hakina sababu ya kununua seva. Lakini chama kinachoamua kutunza hesabu za wanachama kwenye mashine yake kijue kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakihusu. Majina, namba za simu na madeni ya watu si mali ya fundi.

Nywila kuu nayo itunzwe kama funguo za kasiki. Isiwe kichwani mwa mtu mmoja, bali iandikwe, ifungwe kwenye bahasha na kutiwa saini na viongozi wawili. Kila mwanachama aendelee kuwa na kitabu chake cha karatasi, ili kompyuta ikisema uongo awe na cha kuonyesha.

Kabla ya kupiga makofi kwenye uzinduzi, wanachama waulize katika mkutano mkuu maswali matatu. Nani atalipwa kuitunza mwaka wa pili? Nakala ziko wapi? Mara ya mwisho zilijaribiwa lini? Bajeti isiyo na majibu hayo irudishwe mezani, hata kama kompyuta ni ya msaada. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo utajengwa kwa akiba za wavuvi na wakulima.